UZI: Namna ya kusoma tangazo la diski mpya za sinema za zamani kabla hujaagiza

#1 Fremu24

Wakuu, karibu na tarehe 15 ya kila mwezi Criterion, lebo (kampuni ya kutoa diski) ya Marekani, hutangaza filamu watakazozitoa miezi mitatu mbele. Lebo nyingine kama BFI, Eureka, Radiance, Arrow na Second Run nazo zina ratiba zao, na mara nyingi oda hufunguliwa siku hiyohiyo. Toleo la idadi maalumu, lile lenye boksi gumu na kijitabu, linaweza kuisha kabla mtu yeyote hajaweka mtandaoni picha zilizotolewa kwenye diski yenyewe. Maana yake unanunua maneno, na maneno ya tangazo yanasema mengi kuliko watu wanavyodhani.

Anza na chanzo. "4K" kwenye tangazo inaweza kuwa na maana tatu: mkanda umeskaniwa kwa 4K, ukarabati wote umefanyika kwa 4K, au diski yenyewe ni ya 4K. "Ukarabati mpya wa 4K" kwenye Blu-ray ya kawaida unaishia kwenye picha ya 1920 kwa 1080. Si udanganyifu, kwa sababu skani ya 4K ikishushwa vizuri huipa Blu-ray picha tulivu kuliko skani ya zamani. Lakini usikimbilie UHD, yaani diski ya 4K, kabla hujajua kilichoskaniwa ni kitu gani.

Bora kuliko vyote ni negativu halisi ya kamera, mkanda uleule uliokuwa ndani ya kamera siku ya kupiga picha. Inafuata pozitivu ya kati iliyotolewa moja kwa moja kwenye negativu hiyo, kisha negativu ya nakala, na mwisho nakala ya kuoneshea iliyozunguka kwenye kumbi. Kila kizazi cha nakala kinaongeza chembe zake (punje ndogo za mkanda zinazoonekana kwenye picha) juu ya chembe za kilichotangulia, sehemu za giza zinaziba, za mwanga zinaungua, na mikwaruzo ya kizazi cha nyuma inakuwa sehemu ya picha. Hilo la mwisho watu hulisahau. Mkwaruzo ulio juu ya mkanda wenyewe unaweza kupotea wakati wa kuskani, mkanda ukipitishwa kwenye kimiminika kinachojaza ufa. Mkwaruzo uliopigwa picha kutoka mkanda mwingine haujazwi na kitu, ni lazima uzibwe kidijitali fremu kwa fremu, na ukiwa mpana chini yake hakuna picha ya kurudisha.

Tazama Metropolis, filamu bubu ya Fritz Lang. Sehemu zilizopatikana Buenos Aires mwaka 2008 zilikuwa kwenye negativu ya nakala ya 16mm. Ndiyo maana kwenye toleo la 2010 matukio hayo yana mistari kama mvua na kingo za picha zimekatwa. Skani kubwa zaidi haitabadilisha hilo hata siku moja.

Kwa hiyo tangazo likitaja negativu halisi, hifadhi iliyoitoa na maabara iliyofanya kazi, hilo ni tangazo la watu wenye kitu mkononi. Likisema "picha mpya ya ubora wa juu" basi, huenda ni masta (nakala mama ya picha) iliyotengenezwa miaka mingi iliyopita kwa ajili ya televisheni. Hiyo subiri kwanza.

#2 Chembe35

Naongezea kuhusu mwaka, maana hapo watu wanaumia sana. Mwaka wa diski si mwaka wa ukarabati. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty ilikarabatiwa 2008 na World Cinema Project, mradi ambao Martin Scorsese aliuanzisha 2007, na kazi ikafanyika kwenye maabara ya L'Immagine Ritrovata kule Bologna. Criterion waliiweka kwenye kisanduku cha kwanza cha mradi huo 2013, halafu wakaitoa peke yake 2021. Aliyekuwa na kisanduku akainunua tena alikuwa analipia nyongeza (mahojiano na mengineyo), si picha mpya.

Ukitaka kujua kinachokuja kabla ya matangazo, fuatilia ratiba za tamasha. Filamu nyingi za zamani huonekana kwanza Cannes Classics mwezi Mei, Il Cinema Ritrovato ya Bologna katikati ya mwaka, au sehemu ya filamu za zamani ya Venice. Diski hufuata baada ya mwaka mmoja au zaidi, kwa sababu haki za usambazaji huuzwa nchi kwa nchi. Kwa filamu za Afrika angalia African Film Heritage Project, ulioanza 2017 kati ya Film Foundation (taasisi ya Scorsese ya kuhifadhi filamu), FEPACI (shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika) na UNESCO pamoja na Cineteca di Bologna. Soleil Ô ya Med Hondo, Muna Moto ya Dikongué-Pipa na Sambizanga ya Sarah Maldoror zote zilipitia njia hiyo kabla hazijafika kwenye visanduku vya Criterion vya 2020 na 2022.

#3 Nuru_na_Giza

Asante kwa uzi, mkuu. Swali: tangazo likisema chanzo ni mchanganyiko, yaani negativu pamoja na vipande vya nakala nyingine, hiyo ni dalili mbaya?

#4 Fremu24

Hapana, na mara nyingi ni dalili ya uaminifu. Mfano mkubwa ni filamu tatu za Apu za Satyajit Ray. Negativu ziliungua kwenye moto wa maabara London mwaka 1993. Mabaki yalikuwa yamekauka, yamejikunja na kushikana. Bologna wakayalainisha kwa dawa ya kurudisha unyevu, wakatengeneza upya matundu ya pembeni kwa mkono, kisha wakaskani kilichoweza kupita kwenye mashine. Pale negativu ilipokuwa imekufa kabisa walijaza kwa negativu za nakala na mikanda mingine iliyohifadhiwa sehemu mbalimbali. Ukitazama toleo la 2015 utaona picha moja imekaza hadi nyuzi za shuka zinahesabika, halafu inayofuata imelegea kidogo na chembe zimekuwa kubwa. Huo ni mkanda umebadilika, diski haina kosa.

Kinachotakiwa ni watoaji waseme. Kijitabu kizuri kina ukurasa mmoja kuhusu mkanda: upi ulitumika, asilimia ngapi, rangi zililinganishwa na nakala gani. Lebo inayoandika hivyo kwenye toleo moja kwa kawaida huandika kwenye yote.

#5 BitiNaBaiti

Nije kwenye ukubwa wa diski, maana ukarabati mzuri unaweza kuharibiwa kwenye hatua ya mwisho ya kubana picha.

Blu-ray ya safu moja ina GB 25, ya safu mbili GB 50. UHD ziko za GB 66 na GB 100. Hesabu ni hii: zidisha GB kwa 8,000 upate megabiti, gawanya kwa sekunde za filamu.

Filamu ya dakika 120 ni sekunde 7,200. Kwenye GB 50 unapata megabiti 400,000, yaani zaidi ya 55 kwa sekunde, ambayo tayari inazidi kikomo cha Blu-ray cha megabiti 40 za picha. Nafasi ipo tele. Sasa iweke filamu hiyohiyo kwenye GB 25 pamoja na saa nzima ya nyongeza za megabiti 20. Nyongeza peke yake zinakula GB 9. Filamu inabaki na GB 16, sawa na megabiti 17.8 kwa sekunde, na humo utoe sauti na menyu.

Kwa filamu ya kidijitali ya siku hizi 17 inatosha. Kwa mkanda wa 35mm wenye chembe nzito haitoshi. Chembe hubadilika kila fremu, na kodeki (programu ya kubana picha) inafanya kazi kwa kutafuta kile ambacho hakijabadilika. Data ikipungua, inaacha chembe kwanza. Utaziona zimeganda kwenye ukuta au anga wakati uso wa mwigizaji unasogea, au zimegeuka vijisanduku kwenye vivuli. Moshi, ukungu na maji ndivyo vinavyofichua haraka.

Kwenye tangazo tafuta idadi ya diski. Filamu ndefu, maelezo ya sauti ya aina mbili, saa nne za mahojiano na diski moja: hapo hesabu haikubali. Filamu mbili za dakika 100 kwenye GB 50 moja bado ni sawa, wastani wa megabiti 33 kwa vyote. Tatu zinashuka hadi 22 na mimi singeagiza.

Na aliyebana picha ana uzito. Lebo kadhaa sasa hutaja waliofanya kazi hiyo, kwa mfano Fidelity in Motion. Ukiona jina hilo wasiwasi unapungua.

#6 Kanda_B

Kuhusu misimbo ya maeneo, hii ndiyo inayofanya watu wapokee diski isiyocheza:

Blu-ray A ni Amerika zote, Japani, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. C ni Uchina, Urusi, India na Asia ya Kati. DVD zina mgawanyo tofauti wa namba: Afrika kwa sehemu kubwa ni 5, lakini Misri na Afrika Kusini ni 2. Usidhani deki inayokubali Blu-ray ya eneo fulani itakubali na DVD yake.

UHD hazina msimbo wa eneo. Lakini mtego upo hapo. Toleo la UHD la Criterion huwa na diski ya UHD yenye filamu, na Blu-ray yenye filamu tena pamoja na nyongeza. Blu-ray hiyo kwa matoleo ya Marekani imefungwa kwa A. Mwenye deki ya B ataiona filamu vizuri kwa 4K, ila mahojiano na filamu fupi zote hatazigusa. Kama unanunua kwa ajili ya nyongeza, soma tena mstari wa maeneo.

Deki nyingi za DVD hufunguliwa kwa namba za rimoti. Za Blu-ray kwa kawaida zinahitaji kubadilishwa ndani au kununuliwa zikiwa zimefunguliwa tayari. Ukishafungua, usikubali sasisho la programu bila kuuliza aliyekufungulia, linaweza kurudisha kufuli.

#7 Mkunga_wa_Reli

Mwendo wa filamu bado haujaguswa, na ni rahisi kuukagua: tazama dakika.

Filamu za sauti zilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Nchi zenye mfumo wa televisheni wa PAL, kama za Ulaya nyingi, zilizionesha kwa 25 kwenye televisheni na DVD, hivyo filamu ya dakika 100 inaisha kwa 96 na sauti inapanda kwa kiasi kisichofika nusu toni. Blu-ray inaweza kubeba 24 kamili, kwa hiyo hakuna sababu ya kukubali hilo tena, isipokuwa kazi zilizotengenezwa kwa televisheni yenyewe. Ukiona tangazo linasema dakika 115 kwa filamu ambayo kumbukumbu zote zinasema 120, ama ni masta ya zamani ya 25, ama kuna kipande kimekatwa. Uliza ipi. Na maandishi 1080i/50 kwenye kava yanahitaji televisheni inayokubali 50Hz. Zinazouzwa Marekani si zote zinakubali.

Filamu bubu ndizo ngumu. Hazikuwa na mwendo mmoja, ziliendeshwa popote kati ya 16 na 24. Njia ya kukagua ni urefu wa mkanda. Mita moja ya 35mm ina fremu 52.5 hivi. Zidisha mita kwa 52.5, gawanya kwa mwendo, gawanya kwa 60. Mkanda wa mita 2,000 kwa fremu 20 ni dakika 87.5, kwa 24 unashuka hadi 73 kasoro kidogo. Hifadhi nyingi huandika urefu kwa mita, kwa hiyo unaweza kujua mwendo uliochaguliwa hata kama tangazo limenyamaza.

Mwendo wa 20 ndani ya diski ya 24 hupatikana kwa kurudia fremu moja katika kila tano. Wengine wanaiona kama mikwamo midogo kamera inapozunguka. Hiyo ni kawaida, si kosa la kurudisha diski. La Passion de Jeanne d'Arc, ambayo nakala yake ya toleo la kwanza ilipatikana kwenye hospitali ya magonjwa ya akili karibu na Oslo mwaka 1981, imetolewa na Eureka na Criterion ikiwa na mwendo wa 20 na wa 24 pamoja. Ndivyo inavyopaswa pale wataalamu wasipokubaliana.

#8 Nuru_na_Giza

Na rangi je? Naona kila ukarabati mpya watu wanalalamika picha imekuwa ya njano au ya kijani.

#9 Chembe35

Malalamiko yana msingi. Mikanda ya rangi ya aina ya Eastmancolor, hasa nakala za kuoneshea, hupoteza rangi kwa kasi tofauti. Ya samawati huondoka kwanza, inabaki picha ya waridi. Anayesahihisha anakuwa anakisia, na mazoea ya maabara yanaingia. Kipimo cha haki ni nakala ya Technicolor ya kuchapwa kwa wino kama ipo, maana wino ule haufifii kwa namna hiyo, au mpiga picha wa filamu awepo chumbani. Tangazo linalosema "rangi zimelinganishwa na nakala ya wakati huo kutoka hifadhi fulani" nalipa uzito. "Imeidhinishwa na mwongozaji" nalipa uzito mdogo. Mtu wa miaka 80 anaweza kutaka filamu nyingine kuliko aliyoitengeneza akiwa na 40.

Wong Kar-wai, mwongozaji wa Hong Kong, mwenyewe alisema wazi kwamba kazi zake zilizotolewa 2021 si zilezile. In the Mood for Love imeenda kijani kuliko Blu-ray ya Criterion ya 2012, na Fallen Angels ilitoka uwiano wa 1.85 (upana kwa kimo cha picha) ikawa pana kama skopu, ile picha ndefu ya ukumbini. Mwenye diski za zamani asiziuze.

#10 Fremu24

Mkuu, hapo mwongozaji umempunguzia sana. Kwa filamu nyingi za Afrika, Iran na Ufilipino hakuna nakala nyingine safi ya kulinganishia, na kumbukumbu ya mwongozaji au mpiga picha wake ndiyo pekee iliyobaki. Bila hiyo fundi anarudi kwenye mazoea ya maabara, yaleyale unayoyakataa. Ninachokubali ni kwamba uwiano wa picha ukibadilishwa, lebo ingetoa na ule wa zamani kwenye diski hiyohiyo.

#11 Chembe35

Sawa, kwa filamu zisizo na nakala ya kulinganishia nakubali. Basi sharti langu liwe hili: waseme mwongozaji ameidhinisha nini. Rangi, fremu au sauti.

#12 BitiNaBaiti

Kuhusu HDR (picha yenye mwanga mkali na vivuli vipana zaidi) kwenye filamu za zamani: kipimo cha ukumbi wa mkanda kilikuwa mwanga wa niti 55 hivi kwenye skrini bila mkanda kupita. Kwa hiyo ukarabati wa HDR unaopiga niti 1,000 kwenye taa na madirisha unatengeneza kitu ambacho hakikuwahi kuonekana. Wanaofanya vizuri huacha kilele chini na kutumia faida nyingine ya UHD, rangi za biti 10. Kwenye picha nyeusi na nyeupe hiyo ndiyo inayozuia anga la jioni lisigawanyike mistari mistari.

Na ujue filamu ya 1.37 kwenye UHD inatumia nukta 2960 kwa 2160 tu, pembeni ni weusi. Kwenye Blu-ray ni 1480 kwa 1080. Kava likionesha filamu ya miaka ya 1940 imejaza skrini yote ya 1.78, wamekata juu na chini. Acha. Filamu za mwanzo kabisa za sauti ni finyu zaidi, M ya Fritz Lang ni 1.19, karibu mraba.

#13 Wino_wa_Chini

Manukuu, tafadhali, yasisahaulike. Diski nyingi nzuri za Ufaransa za filamu za Kiwolofu au Kibambara zina manukuu ya Kifaransa peke yake, na za Japani mara nyingi hazina manukuu ya lugha nyingine. Soma mstari wa lugha wenyewe, usitegemee bendera kwenye kava. Kagua pia kama manukuu yamechomwa ndani ya picha: yakiwa yamechomwa, chanzo ni nakala ya kuoneshea, na hilo linakurudisha kwenye #1.

Filamu zenye lugha mbili zinahitaji uangalifu zaidi. Ousmane Sembène wa Senegal alipiga Mandabi mara mbili, kwa Kiwolofu na kwa Kifaransa, ni filamu mbili tofauti. Na pale wahusika wanapobadili kutoka Kiwolofu kwenda Kifaransa cha ofisini, manukuu yasiyotofautisha yanaua nusu ya maana ya tukio. Lebo nzuri huweka mlazo kwa lugha ya pili.

Sauti kwa kifupi: tafuta "mono ya asili" isiyobanwa. Njia moja ya 48kHz na biti 24 inakula megabiti 1.15 tu, kwa hiyo kisingizio cha nafasi hakipo. 5.1 (sauti ya kuzunguka) iwe nyongeza, isichukue nafasi ya mono.

#14 Kanda_B

Diski ikishafika, ikague ndani ya muda wa kurudisha, si mwaka ujao:

Iinamishe chini ya taa. Ukiona madoa kama ukungu kutoka ukingoni kwenda ndani, irudishe. DVD iliyochapwa kiwandani ni ya rangi ya fedha au dhahabu upande wa chini. Ikiwa ya zambarau ni ya kuchomwa na haina umri uleule.

Icheze yote, nyongeza pia. UHD za GB 100 hukwama zaidi pale safu inapobadilika, mara nyingi kwenye nusu ya pili, kwa hiyo kuangalia dakika kumi za mwanzo hakukwambii kitu. Ikikwama, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kisha jaribu deki nyingine kabla hujamlaumu muuzaji.

Andika dakika na sekunde ilipokwama. Wengine wakikwama palepale ni kosa la uchapaji, na lebo hutoa diski mbadala bila kutaka urudishe ile ya kwanza mara nyingi, wanachotaka ni risiti na namba iliyochongwa kwenye duara la ndani karibu na tundu. Ipige picha namba hiyo kwa mwanga wa pembeni, kwa mwanga wa juu haisomeki.